Fimbo Imfuate Mtu: Kuchagua Urefu wa Fimbo ya Kutembelea kwa Mtu Mrefu

Utangulizi

Katika Kata ya Nainokanoka, wilayani Ngorongoro, mwanamume hatoki nyumbani pasipo fimbo. Mtoto anayechunga ndama hushika fimbo nyembamba. Kijana huongeza rungu. Mzee hufika mkutanoni akiegemea fimbo iliyong'aa kwa miaka mingi ya kushikwa. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa goti au nyonga anapoelezwa na mhudumu wa afya kwamba anahitaji fimbo, huweza kuona kuwa hajaongezewa kitu. Fimbo anayo tayari.

Hata hivyo, fimbo ya kuchungia na fimbo ya kubebea uzito wa mwili ni vyombo viwili tofauti. Ya kwanza huelekeza ng'ombe, hupekua nyasi kabla mguu haujapita, na huegemewa wakati wa kusimama. Ya pili hupokea sehemu ya uzito wa mwili katika kila hatua, na kazi hiyo haiwezekani ikiwa urefu wake haulingani na mwili wa mwenye kuitumia. Wanaopata taabu zaidi katika jambo hili ni watu warefu. Fimbo nyingi za mbao zinazouzwa zikiwa tayari zina urefu wa karibu sentimita 91, na zile za kurithi au kuazima huwa zimekwisha kukatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Mti uliokatwa haurefuki tena.

Makala haya yanaeleza namna ya kupata urefu unaofaa, namna ya kuitumia fimbo hiyo katika ardhi ya miinuko, na dalili zinazoonyesha kwamba mgonjwa anahitaji zaidi ya fimbo.

Mfano wa mzee na fimbo mbili

Mfano ufuatao ni wa kufundishia. Mzee mwenye umri wa miaka 70 na urefu wa sentimita 192 anaumwa goti la kulia. Amepewa na jamaa yake fimbo yenye urefu wa sentimita 84. Anaporudi kuonwa tena, fimbo hiyo hanayo. Ameshika fimbo yake ndefu ya kuchungia.

"Shikamoo, baba," anasema muuguzi.

"Marahaba, mwanangu."

"Ile fimbo uliyopewa iko wapi, baba?"

"Nimeiacha nyumbani. Inaniinamisha kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Hii yangu hainiinamishi."

Muuguzi anamwomba mzee atembee hatua kumi. Ni kweli kwamba hainami. Lakini mkono wake umeishika fimbo karibu na kifua, bega limepanda kuelekea sikioni, na kila anapokanyaga kwa mguu wa kulia anachechemea kama asiye na fimbo kabisa. Mzee ana haki ya kuikataa fimbo fupi, na muuguzi ana haki ya kutoridhika na ndefu. Kinachokosekana ni fimbo ya tatu, iliyopimwa kwenye mwili wa mzee mwenyewe.

Kwa nini urefu una uzito mkubwa hivi

Fimbo ikiwa fupi mno, mtumiaji huinama mbele na upande wa fimbo ili aifikie ardhi. Kiwiko hunyooka kabisa, kifundo cha mkono hubanwa, na misuli ya mgongo hufanya kazi ya kuuzuia mwili usianguke. Baada ya majuma machache mgonjwa aliyekuja kwa maumivu ya goti huanza kulalamikia kiuno. Isitoshe, mtu aliyeinama hujikwaa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa uzito wake umekwisha kutangulia mbele ya miguu.

Fimbo ikiwa ndefu mno, kiwiko hukunjika kupita kiasi na bega husukumwa juu. Katika hali hiyo misuli ya nyuma ya mkono, ambayo ndiyo inayosukuma fimbo chini, haina nguvu ya kutosha. Fimbo hugusa ardhi lakini haibebi kitu, na uzito wote hubaki kwenye kiungo kinachouma. Shingo na bega huchoka bure.

Fimbo ya kadiri humwezesha mtu kusimama wima, mabega yakiwa sawa, kiwiko kikiwa kimekunjika kidogo, kati ya nyuzi 15 na 30. Mkunjo huo mdogo ndio unaoupa mkono nafasi ya kusukuma na kuulegeza msukumo kadiri hatua inavyoendelea.

Namna ya kupima

Kazi hii haihitaji chombo chochote cha hospitali. Utepe wa kupimia wa fundi cherehani unatosha, na hata kamba yenye fundo huweza kutumika. Anahitajika mtu wa pili wa kupima, kwa kuwa anayejipima mwenyewe huinama.

1. Mgonjwa avae viatu anavyotembelea kila siku. Soli nene ya katambuga huongeza urefu, na fimbo iliyopimwa mtu akiwa peku itakuwa fupi.

2. Asimame mahali tambarare, wima kadiri anavyoweza bila kulazimishwa. Mzee ambaye mgongo wake umepinda kwa umri apimwe kama alivyo sasa, si kama alivyokuwa ujanani.

3. Aache mikono yote miwili ining'inie kando ya mwili, mabega yakiwa yamelegea, macho yakitazama mbele.

4. Mpimaji atafute mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa ndani, mahali kiganja kinapoanzia. Apime kutoka hapo hadi ardhini. Kipimo hicho ndicho urefu wa fimbo nzima, kuanzia juu ya mpini hadi chini ya mpira wake.

5. Ikiwa fimbo ipo tayari na ni ndefu, igeuzwe kichwa chini, mpini ukae ardhini kando ya kiatu, kisha iwekwe alama panapolingana na mkunjo wa kifundo. Kabla ya kukata, utolewe unene wa mpira utakaovishwa. Mzee wa mfano wetu ana kipimo cha sentimita 96. Mpira ukiwa na unene wa sentimita 2, mti wake ukatwe ubaki sentimita 94.

6. Fimbo ikiwa tayari, mgonjwa aishike, ncha yake ikiwa kama sentimita 15 kando na mbele kidogo ya kidole kidogo cha mguu. Mpimaji atazame mabega na kiwiko. Kisha mgonjwa atembee, naye aulizwe anavyojisikia.

Palipo na shaka, mti ukatwe mrefu kidogo kwanza, ujaribiwe kwa siku chache, kisha upunguzwe sentimita moja moja.

Urefu wa mtu peke yake hautoshi

Wako wanaokadiria fimbo kwa kutazama urefu wa mtu tu. Njia hiyo hukosea, na kwa watu warefu hukosea zaidi. Watu wawili wenye sentimita 192 kila mmoja huweza kutofautiana sana: mmoja ana miguu mirefu na mikono mifupi, na mwingine mikono yake inakaribia magoti. Kwa wa kwanza kifundo kitakuwa juu zaidi, na fimbo yake itakuwa ndefu kuliko ya mwenzake.

Ukweli huu unajulikana hata katika mambo yaliyo mbali na tiba. Katika mchezo wa gofu, fimbo ya kusukumia mpira shimoni kwa kawaida huwa na urefu wa takriban sentimita 84 hadi 89. Mchezaji mrefu akiitumia iliyo fupi kwake hukunja kiuno kila anapoupiga mpira, na mwisho wa siku mgongo humdai. Kwa sababu hiyo mafundi wa fimbo za gofu hawaulizi urefu wa mchezaji peke yake. Hupima pia umbali wa kutoka kifundo cha mkono hadi ardhini. Mkulima mrefu wa Karatu anayelimia jembe lenye mpini mfupi anaifahamu dosari hiyo hiyo, ingawa hajawahi kuuona uwanja wa gofu. Popote mkono unaposhika mti ili kufanya kazi chini, chombo ndicho kinachopaswa kurekebishwa, si uti wa mgongo.

Mkono upi, hatua ipi

Wagonjwa wengi huishika fimbo upande ule ule wa mguu unaouma. Kwa kawaida inapasa kushikwa mkono wa upande wa pili. Mtu anaposimama kwa mguu mmoja, misuli ya kando ya nyonga huvuta kwa nguvu ili kiuno kisianguke upande wa pili. Kwa hiyo kiungo cha nyonga hubeba mzigo unaozidi mara mbili ya uzito wa mwili. Fimbo iliyo mkono wa upande wa pili iko mbali na kiungo hicho, nayo hufanya kazi kama wenzo: msukumo mdogo wa mkono hupunguza sehemu kubwa ya mzigo. Goti nalo hupata nafuu.

Katika ardhi tambarare, fimbo na mguu unaouma huenda pamoja, kisha mguu mzima hufuata. Katika kupanda, mguu mzima hutangulia, kisha fimbo na mguu mgonjwa. Katika kushuka, fimbo na mguu mgonjwa hutangulia, kisha mguu mzima. Ni rahisi kukumbuka: mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka.

Ardhi ya Nainokanoka

Nainokanoka iko kwenye nyanda za juu karibu na Olmoti, mlima wenye kasoko ambao kilele chake hupita mita 3,000, na ambako Mto Munge huanzia safari yake ya kuteremka katika kreta ya Ngorongoro. Asubuhi ukungu hufunika njia, nyasi huloa umande, na wakati wa mvua udongo huteleza. Fimbo yenye urefu sahihi bado huweza kumwangusha mtu ikiwa ncha yake haishiki.

Ncha ivishwe mpira. Palipokosekana mpira wa dukani, fundi anayeshona katambuga anaweza kukata kipande cha tairi na kukifunga imara. Mpira ukichakaa hadi kuwa laini kama kiganja, ubadilishwe. Matope yaliyonata yafutwe kabla ya kukanyaga sakafu ya saruji, kwa maana hapo ndipo fimbo hutoroka ghafla.

Mti uwe mkavu, ulionyooka, usio na ufa. Tawi kavu lililoanguka hutosha. Hakuna haja ya kukata mti hai. Lililo muhimu ni mpini: tawi lenye panda, linalochongwa ili kiganja kilale juu yake, hufaa kuliko mti mnyoofu ambao mkono huuteleza. Fimbo iliyochongwa na fundi wa kijijini ina faida nyingine isiyopimwa kwa sentimita. Mzee huibeba bila kuona haya, na fimbo inayobebwa ndiyo inayotibu.

Kwa mchungaji asiye na kiungo kigonjwa, fimbo ndefu inabaki kuwa rafiki mwema, hasa katika mteremko mkali. Anayeumwa naye haambiwi aitupe. Anaambiwa tu kwamba haichukui nafasi ya ile iliyopimwa.

Wakati fimbo haitoshi

Fimbo hupunguza mzigo, haigundui ugonjwa. Mhudumu wa afya asimpe mgonjwa fimbo na kumwaga bila kumuuliza maswali.

Mfugaji mwenye maumivu ya mgongo au viungo, pamoja na homa za kuja na kuondoka na jasho la usiku, achunguzwe bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo na ambao huenezwa pia kwa maziwa mabichi. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, kukonda na kikohozi cha muda mrefu humtaka mhudumu afikirie kifua kikuu, ambacho huweza kuingia katika uti wa mgongo na nyonga.

Mtu aliyeanguka, asiyeweza kukanyaga, na ambaye mguu wake unaonekana mfupi au umegeukia nje, huenda amevunjika nyonga. Asijaribishwe kutembea kwa fimbo. Alazwe, mguu utulizwe, apelekwe hospitali. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, ganzi ya miguu yote miwili, au kushindwa kuzuia haja, ni dharura.

Mgonjwa anayelazimika kuegemeza zaidi ya robo ya uzito wake kwenye fimbo anahitaji magongo mawili, si fimbo moja iliyo nene zaidi.

Hitimisho

Mzee wa mfano wetu alipimwa kwa muda usiozidi dakika tano. Fimbo yake mpya ilizidi ile ya kupewa kwa sentimita 12, naye aliishika kwa mkono wa kushoto, akatembea akitazama mbele. Goti lake halikupona siku hiyo. Alichopata ni uwezo wa kufika kwenye zizi lake bila kuinama, na nafasi ndogo zaidi ya kuanguka njiani.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kwa mtu mrefu mwenye goti bovu iongezwe kwamba anayekwenda pole bado anahitaji fimbo iliyo kimo chake. Kipimo hicho kirudiwe kila mwaka, na kila viatu vinapobadilishwa, kwa kuwa mwili wa mzee hupungua urefu ilhali mti hubaki vilevile.