Tumewekwa Duniani kwa Kusudi Gani?

Somo la waalimu na wazee wa sharika. Kwanza isomwe Mhubiri 2:1–11, kisha 1 Wakorintho 12:14–26.



Liko swali ambalo waalimu hukutana nalo mara nyingi kuliko maswali yote ya Katekisimo, wala haliulizwi darasani. Huulizwa jioni, watu wakiisha kwenda zao, ama huulizwa njiani wakati wa kusindikizana. Kijana aliyemaliza shule miaka mitatu iliyopita, asipate kazi, hulisema hivi: "Mimi nipo tu." Mzee aliyemzika mkewe, na miguu yake haimfikishi tena hata shambani, husema: "Mungu amenisahau huku." Maneno yao ni mbalimbali, lakini jambo ni moja. Wataka kujua maisha haya waliyopewa ni ya nini.

Swali hili lisijibiwe upesi. Wapo waalimu ambao hujibu, "Ni kwa utukufu wa Mungu," wakafunga kitabu. Jibu hilo ni kweli, lakini aliyeuliza amerudi nyumbani na njaa yake. Mhubiri hakufanya hivyo. Alijaribu majumba na mizabibu, bustani na mabirika, fedha na waimbaji, tena alijaribu kwa bidii, na mwisho akaona ya kuwa amekimbiza upepo. Mwenye kusoma sura ile mbele ya darasa asome polepole, ili wasikilizaji wapate nafasi ya kuhesabu moyoni majumba yao wenyewe.

Sisi wa Vugiri tunao mfano ulio karibu. Mtu akisimama ukingoni mwa milima yetu na kutazama chini, aona bonde la Korogwe, na mto Ruvu, ambao watu wa pwani huuita Pangani, na mashamba ya mkonge. Mkonge si mmea wa asili wa nchi hii. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida katika Marekani, na katika hiyo 62 tu ndiyo iliyofika na kuishi. Miche ile michache ilizaa mashamba makubwa ya Tanga na Korogwe. Watu wakaletwa kutoka nchi za mbali kuja kukata majani, na kila mmoja alipewa namba. Ndiyo sababu wakaitwa manamba. Kila mmoja akapewa na kipande, yaani kadi yenye nafasi 30. Siku moja ya kazi ilikuwa alama moja, na kadi ilipojaa ndipo alipopokea mshahara wake.

Hatudharau mshahara. Watoto wengi wa bonde lile walisomeshwa kwa fedha ya mkonge, na makanisa kadhaa yaliezekwa kwa sadaka yake. Lakini tazameni lile lililoweza kumpata mtu moyoni. Aliyeitwa kwa namba mwaka baada ya mwaka, na siku zake zikatiwa alama katika kadi, aweza kujizoeza kujipima kwa kadi ile. Imejaa, basi mimi ni mtu. Haikujaa, mimi si kitu. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa mkonge zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, na mwaka 1967 mashamba mengi yakatwaliwa na Serikali. Kufika miaka ya 1990 mavuno yalikuwa chini ya tani 40,000 kwa mwaka. Mahali pengi mashine za korona, zile zinazokamua majani ya mkonge, zilinyamaza kabisa. Je, mtu aliyejifunza kujijua kwa kipande ajijueje siku ambayo hakuna wa kumtilia alama?

Kijana wetu asemaye "mimi nipo tu" hakukata mkonge hata siku moja, lakini ni mjukuu wa kipande kile. Badala ya kadi ameshika cheti cha shule, naye anangoja mtu wa kumtilia alama.

Sasa tupande tena mlimani, twende Lutindi. Wengi wetu twalijua jina hilo kwa mzaha, kwa maana watoto wakigombana huambiana, "Wewe ni wa kupelekwa Lutindi." Mzaha huo haufai, na waalimu waukataze. Mahali pale, katika milima hii hii ya Usambara upande wa Korogwe, ndipo swali letu lilipojibiwa kwa matendo kabla hatujazaliwa.

Nyumba ya Lutindi ilianzishwa mwaka 1896 na chama cha Wakristo wa Ujerumani kiitwacho Evangelischer Afrikaverein. Haikuanza kuwa hospitali. Ilikuwa makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Fikirini hapo kidogo. Watoto wale walikuwa na bei. Yuko mtu aliyewatazama meno na mikono, akataja fedha, na mwingine akailipa. Ndivyo dunia ilivyowajibu swali la thamani yao. Walipofikishwa Lutindi waliingia mahali ambapo hakuna mtu aliyetaka kuwanunua wala kuwauza. Wakapewa kitanda, jembe na kitabu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba ile ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, nayo ikawa ya kwanza ya namna yake katika nchi ambayo wakati ule iliitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Hivyo mahali pa watoto waliokuwa na bei pakawa mahali pa watu ambao hakuna angewataka hata bure. Mgonjwa wa akili alifungwa kamba nyumbani, au alifukuzwa atangetange njiani. Na tusijidanganye, hata sasa wako wanaofungwa. Waliotumwa kuwatunza walikuwa mashemasi wa Bethel karibu na mji wa Bielefeld, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa, na pakakuzwa na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh tangu mwaka 1872. Mashemasi wale walikuja na desturi ya kwao: mgonjwa asilazwe tu akitazama ukuta, apewe kazi. Desturi hiyo imedumu. Hospitali ya Lutindi ni ya Kanisa letu la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, nayo ina chai, bustani na kazi za mikono, na wagonjwa huzifanya pamoja na watumishi kuwa sehemu ya matibabu yao.

Mtu aweza kusema, "Basi jibu ni kazi. Wapewe vijana kazi, swali litakwisha." Hapo twaomba msomaji asimame. Kazi ya Lutindi si kipande. Mgonjwa hachumi chai ili astahili chakula. Chakula atakipata hata siku ambayo akili yake imevurugika na mikono yake inatetemeka. Huchuma chai kwa kuwa asubuhi yuko mtu anayemwita kwa jina na kumwambia, "Twende," na jioni kikapu chake kikikosekana patakuwa na pengo. Kazi imefanywa kwa ajili ya mtu, kama Bwana wetu alivyofundisha habari ya sabato. Na yuko mgonjwa asiyeweza kuchuma hata jani moja. Huyo naye anaitwa kwa jina.

Tofauti hiyo si ndogo, na Bethel yenyewe iliijua kwa uchungu. Mwaka 1939 Hitler alitoa ruhusa ya kuwaua wagonjwa ambao maisha yao yalihesabiwa kuwa hayana faida. Hospitali za Ujerumani ziliandikiwa fomu za kujaza, na moja katika maswali yake lilihusu kazi ambayo mgonjwa aliweza kuifanya. Madaktari wasiomwona mgonjwa uso kwa uso walisoma karatasi na kutia alama. Kati ya Januari 1940 na Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 waliuawa kwa hewa ya sumu. Huko ndiko kipande kinakofika kikiachwa kiende mpaka mwisho wake. Kadi isiyojaa ikawa hukumu ya kufa.

Fomu zilipofika Bethel mwaka 1940, mkuu wa mahali pale, Mchungaji Fritz von Bodelschwingh, mwana wa yule tuliyemtaja, alikataa kuzijaza. Rafiki yake Mchungaji Paul Gerhard Braune aliandika waraka wa kupinga mauaji, akaupeleka Serikalini mwezi wa Julai. Mwezi wa Agosti akakamatwa. Wagonjwa wengi wa Bethel waliokoka. Lakini haifai kusimulia kama hadithi ya washindi, maana Septemba ya mwaka ule ule wagonjwa Wayahudi waliokuwa Bethel walitwaliwa wakauawa, na kabla ya hapo wagonjwa wengi wa Bethel walikuwa wamenyimwa uzazi kwa sheria ya nguvu. Hata nyumba njema iliteleza mahali ilipokubali kumpima mtu.

Kwa hiyo darasani na liwekwe wazi jambo hili: kusudi la maisha halitoki katika faida ya mtu. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari ya mwili na viungo, hakusema ya kuwa viungo dhaifu vivumiliwe kwa huruma. Alisema vyahitajiwa. Mwalimu aulize: vyahitajiwa kwa nini? Darasa lisipopata jibu, aliache swali lilale nao juma zima. Sisi twaona hivi, ya kuwa usharika usio na mgonjwa, mjane, mzee na mtoto mbele yake huanza upesi kuamini kwamba Mungu naye analipa kwa kipande.

Lakini tusimwache kijana hewani. Amesikia ya kuwa hapimwi kwa mshahara, naye kesho ataamka, afanye nini? Hapa Luther atusaidia. Zamani zake watu walidhani ya kuwa mtawa peke yake ndiye mwenye wito, na mkulima anaishi tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1522 juu ya ndoa, Luther alimtaja baba anayefua nepi za mtoto wake. Majirani wamcheka, lakini Mungu na malaika wafurahi, kwa sababu afanya hivyo katika imani. Na mwishoni mwa Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, kitabu ambacho wengi wetu tulikariri kwa moyo bila kufika kurasa za mwisho, mna mafungu ya maneno kwa kila mtu mahali pake: wachungaji, waume na wake, wazazi na watoto, watumishi na mabwana. Wamo na vijana. Wamo na wajane. Mjane wa zamani zile hakuwa na mshahara wala cheo, naye ana fungu lake kama mchungaji alivyo na lake. Wito basi ni yule jirani ambaye Mungu amekuweka karibu naye, na lile ambalo jirani huyo analihitaji leo.

Jambo hili si geni kwa Wasambaa. Wazee wetu walipomhukumu mfalme aliyeketi Vugha, hawakuhesabu ng'ombe zake kwanza. Waliuliza kama utawala wake ni wa kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, ama ni wa kubana shi, yaani kuiharibu. Hata mfalme alipimwa kwa lile ambalo wengine walilipata kwake, mvua na chakula na amani. Kijana asiye na kazi ya mshahara anayo nchi ya kuiponya: mfereji uliobomoka, bibi asiyeweza kuteka maji, wadogo zake wasiojua kusoma vema. Hatusemi haya ili aache kutafuta kazi, wala ili wakubwa wasahau kumtafutia. Anayemwambia mwenye njaa kwamba ana wito, asimpe chakula, Yakobo amekwisha kumjibu katika waraka wake.

Na yule mzee? Kwake neno ni fupi zaidi, wala si la kufundishwa kwa maneno. Aendewe. Aombwe ataje watu waliozikwa katika shamba lake, na mwaka wa njaa, na jinsi Injili ilivyofika kijijini. Kisha kijana aandike. Wazee kadhaa tumewaona wakianza kula tena baada ya kuulizwa habari ambayo wao peke yao waliijua.

Liko bado moja kuhusu Lutindi. Wako jamaa ambao humpeleka ndugu yao hospitali, kisha wasirudi. Mgonjwa hupona, nguo zake hukunjwa, na hakuna wa kumpokea. Dawa imefanya kazi yake, kazi ya mikono imefanya yake, na kilichobaki ni mlango wa nyumbani, ambao hospitali haiwezi kuufungua.

Somo hili laweza kugawanywa katika Jumapili mbili, la kwanza liishie kwenye kipande, la pili lianzie Lutindi. Maswali ya kuzungumza ni haya:

Katika kijiji chetu, mtu husemwa kuwa "wa maana" kwa mambo gani, na ni nani huachwa nje?

Paulo asema viungo dhaifu vyahitajiwa. Usharika wetu ungepoteza nini kama visingalikuwapo?

Je, yuko mtu wa mtaa huu aliye Lutindi, au aliyerudi kutoka huko? Ni nani atakayemtembelea, na siku gani?