Kabla ya Kulipia Fremu

Ukiona fremu tupu karibu na stendi, hesabu inayokuja kichwani haraka ni ya faida: nikiuza sahani hamsini za wali kila siku, mwezi utaisha na kiasi gani? Hesabu hiyo ni tamu, na imewaponza wengi, kwa sababu sahani zenyewe bado hazina mlaji.

Saras Sarasvathy, profesa wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, aliwapa waanzilishi 27 wa kampuni kubwa tatizo moja la biashara mpya, akawataka wawaze kwa sauti. Wengi hawakujali sana utabiri wa soko. Waliangalia walichonacho mkononi, ujuzi wao, watu wanaowafahamu, na hasara wanayoweza kuibeba.

Anza basi na hasara. Fedha ninayotaka kuiweka ikipotea yote, nyumbani tutakula? Ada ya watoto italipwa? Marejesho ya kikoba je? Andika kikomo chako kwenye daftari, kiasi na muda, kisha mwonyeshe mwenzako wa nyumbani, maana hasara haitakuwa yako peke yako. Halafu tenga kinachorudi na kisichorudi. Sufuria na jiko utaviuza, japo kwa bei ya kutupa. Kodi ya miezi sita iliyolipwa kwa mkupuo hairudi, na ndiyo watu hukimbilia kuilipa mwanzo.

Pika kwanza nyumbani. Tafuta oda kwa mafundi wa jengo linalojengwa mtaani, au kwenye ofisi mbili tatu. Sifa za ndugu na majirani usizihesabu. Mhesabu anayelipa leo na kesho akarudi bila kuitwa. Leseni na vibali vya afya ulizia halmashauri mapema, faini isije ikala mtaji.

Jaribio dogo pia hukufunza usilolitarajia. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa wakopaji walipie mikopo yao midogo kwa simu. Wakopaji wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Wahusika waliliona hilo, na ilipozinduliwa mwaka 2007 kutuma fedha ndiko kulikotangazwa. Nawe mafundi wakiuacha wali na kuulizia uji wa asubuhi, pika uji. Na kikomo cha daftarini kikifika wateja hawarudi, uza vyombo siku hiyohiyo, usiende kukopa.