Kagua Faili Kabla ya Kuifungua, Lakini Usianike Siri za Watu

Msimu wa basari unapofika, vikundi vya WhatsApp kuanzia Seme hadi Muhoroni hujaa fomu. Moja imetumwa na mwalimu, nyingine na jirani, na ya tatu haijulikani ilikotoka. Mzazi huitia kwenye flashi na kuipeleka saibani ili ichapishwe. Kwenye kompyuta hiyo hiyo, mteja aliyemtangulia amechapisha nakala ya kitambulisho, na atakayemfuata ataingia katika akaunti yake ya eCitizen. Ikiwa fomu hiyo imefichwa programu hasidi, atakayeumia si mzazi huyo peke yake.

Programu hasidi ni programu iliyotengenezwa ili kudhuru. Ipo inayonakili nywila mtu anapoiandika. Ipo inayofunga faili zote za afisi na kudai fidia. Kwenye simu, ipo inayosoma ujumbe mfupi, ukiwemo ule wenye nambari ya siri ya benki. Nyingi huja zimevalia nguo ya kawaida: ankara, barua ya kazi, matokeo ya mtihani au fomu.

Habari njema ni kwamba faili inaweza kukaguliwa bila malipo kabla ya kufunguliwa. Lakini ukaguzi wenyewe una hatari yake ambayo wengi hawaijui.

Ukaguzi unavyofanyika

Programu moja ya kuzuia virusi huona yale inayoyajua tu. Kwa sababu hiyo kuna tovuti zinazoipitisha faili moja mbele ya programu nyingi kwa mpigo. Inayojulikana zaidi ni VirusTotal, iliyoanzishwa mwaka wa 2004 na kampuni ya Hispasec ya Málaga, Uhispania, na kununuliwa na Google mwaka wa 2012. Inatumia zaidi ya programu 70 za ukaguzi.

Ni sawa na kuwauliza majirani 70 kama wanamjua mgeni aliyebisha hodi usiku. Wengi wakisema ni mwizi, mlango haufunguliwi. Wasipomjua hata mmoja, bado haijathibitishwa kwamba ni mtu mwema.

Hatua ni hizi:

1. Hifadhi faili kwenye simu au kompyuta. Usiifungue.

2. Tazama jina lake lote, hasa herufi za mwisho. Windows huficha herufi hizo, hivyo faili inayoonekana kama "fomu.pdf" huenda jina lake kamili ni "fomu.pdf.exe", yaani programu. Kwenye simu za Android, faili inayoishia na "apk" ni programu. Fomu ya basari haiji hivyo.

3. Andika virustotal.com kwenye kivinjari, chagua faili, kisha usubiri majibu. Faili isizidi megabaiti 650.

4. Ikiwa umetumiwa kiungo badala ya faili, usikibonyeze. Kinakili na ukibandike kwenye sehemu ya kukagua anwani katika tovuti hiyo hiyo.

Kuyasoma majibu

Majibu huja kama hesabu: programu ngapi zimeona tatizo kati ya zote zilizokagua. Zikiwa 20 au 30, futa faili na umjulishe aliyeituma, kwa sababu huenda simu yake imeingiliwa bila yeye kujua. Ikiwa ni moja au mbili, huenda ni kosa la ukaguzi, au huenda ni hatari mpya ambayo nyingine hazijaitambua. Iache faili hiyo, na umpigie aliyeituma kuuliza kama kweli ni yake.

Ikiwa ni sifuri, tahadhari bado inahitajika. Programu hasidi iliyotengenezwa jana huenda haijafahamika popote. Vilevile, faili iliyofungwa kwa nywila haikaguliki ndani. Walaghai hulijua hilo, ndiyo maana hutuma faili iliyofungwa na kuandika nywila yake papo hapo kwenye ujumbe.

Hatari ya kupakia

Faili inayopakiwa VirusTotal haibaki kati ya mtu na tovuti. Inahifadhiwa, na kampuni na watafiti wa usalama wanaolipia huduma hiyo wanaweza kuipakua. Utaratibu huo ndio unaosaidia virusi vipya kugunduliwa mapema. Lakini kwa faili yenye siri, kuipakia ni kama kuibandika kwenye ubao wa matangazo.

Wenyewe VirusTotal wanalijua hilo. Mnamo Juni 2023 mfanyakazi wao alipakia kwa bahati mbaya faili yenye orodha ya wateja. Majina na anwani za barua pepe za watu wapatao 5,600, baadhi yao wakiwa maafisa wa usalama wa serikali, yakavuja. Ikiwa kosa hilo liliwapata wao, linaweza kumpata karani wa Kisumu.

Kwa hivyo rekodi ya mgonjwa, fomu ya basari iliyojazwa, nakala ya kitambulisho, hati ya shamba na orodha ya mishahara hazipakiwi kamwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka kila anayeshika taarifa za watu azilinde. Data ikivuja na ikaweza kumletea mwenyewe madhara, Kamishna wa Data hujulishwa ndani ya saa 72 baada ya tukio kugunduliwa. Mwenye saiba aliyeachiwa flashi na mteja anabeba wajibu huo kama anavyoubeba afisa wa hospitali.

Kukagua bila kupakia

Ipo njia ya kuuliza kuhusu faili bila kuitoa. Kila faili ina alama yake, mithili ya alama ya kidole, yenye tarakimu na herufi 64. Inaitwa SHA-256. Alama hiyo haionyeshi kilichoandikwa ndani.

Kwenye Windows, andika cmd katika sehemu ya kutafutia na ufungue dirisha la amri. Andika "certutil -hashfile", acha nafasi, buruta faili hadi kwenye dirisha hilo, acha nafasi tena, kisha uandike "SHA256" na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Nakili alama itakayotokea na uibandike kwenye sehemu ya kutafutia ya VirusTotal.

Ikiwa faili hiyo hiyo iliwahi kukaguliwa, majibu yake yatatokea. Programu hasidi nyingi hutumwa kwa watu wengi, hivyo huenda mtu ameshaipakia. Isipopatikana, hilo si ithibati ya usalama. Hapo simu ya dakika moja kwa aliyetajwa kuwa mtumaji, kwa nambari unayoijua tangu awali, inatosha kuliko ukaguzi wowote.

Ikiwa umeshafungua

Zima data au Wi-Fi mara moja. Kwa kutumia kifaa kingine, badilisha nywila za barua pepe na za eCitizen, na uwajulishe benki na kampuni ya simu. Usiingize flashi iliyotumika kwenye kompyuta nyingine. Visa hivyo vinaweza kuripotiwa kwa KE-CIRT, kituo cha kushughulikia usalama wa mitandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, au katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Ya kukumbuka

Faili ngeni ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Faili yenye siri ya mtu isipakiwe, itafutwe kwa alama yake. Na sifuri kwenye majibu isimzuie mtu kupiga simu na kuuliza.