Somo la Usalama: Risasi ya Nyati Huchaguliwaje?

Katika mabaraza ya maeneo yanayopakana na mbuga za Tsavo, kuna swali ambalo halikosi. Nyati ameingia shambani, maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wamefika na bunduki, lakini wanasimama, wanazunguka, wanawafukuza watu, na saa nzima inapita. Mwananchi anauliza: si wapige tu? Polisi wa akiba wa hapa kijijini ana bunduki, mbona naye asisaidie?

Jibu kubwa limo ndani ya risasi yenyewe, na ndilo somo letu leo. Kabla ya kuendelea, ieleweke kwamba hatumfundishi mtu kuwinda. Uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku nchini Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haijaufungua mlango huo.

Tuanze na maneno. Tunaposema "risasi" huwa tunataja vitu vinne vilivyofungwa pamoja. Kuna ganda la shaba, kuna fataki ndogo kwenye kitako cha ganda, kuna baruti ndani yake, na kuna kichwa kinachoruka. Kinachomwingia mnyama ni kichwa peke yake. Bunduki kubwa hutajwa kwa kipenyo cha kichwa hicho kwa inchi. Ile ya .375 ni kama milimita 9.5, ile ya .416 ni milimita 10.6, na ile ya .458 ni milimita 11.6.

Kichwa cha risasi ya kawaida ya vita hakizidi gramu 10 hivi. Kile cha .375 hufika gramu 19, na cha .458 gramu 32 au 33. Lakini uzito peke yake hautoshi, na hapa ndipo wengi hukosea. Nyati ana mbavu pana zilizokaribiana, misuli minene, na mafahali wana pembe zilizoungana juu ya paji kama kofia ya chuma. Ubongo wa ndovu umejificha nyuma kabisa ya kichwa, na mfupa ulioutangulia una vyumba vyumba kama sega la nyuki. Kazi ya kichwa cha risasi ni kupita humo kikiwa kimenyooka mpaka kifike moyoni, kwenye mapafu au kwenye ubongo. Kikipasuka njiani au kupinda, mnyama hafi. Anajeruhiwa, anaingia kichakani, na kesho mama anayetafuta kuni anakutana naye.

Kwa sababu hiyo viwanda hutengeneza vichwa vya aina mbili. Kichwa laini kina madini ya risasi ndani na ncha iliyo wazi, nacho hupanuka kikigonga nyama na kufanya jeraha pana. Hicho kinafaa kwa simba au chui. Kichwa kigumu kimevikwa ganda zito la chuma au kimetengenezwa kwa shaba tupu, hakipanuki, na kazi yake ni kupenya. Kwa ndovu na kiboko hutumika kigumu. Kwa nyati wenye uzoefu wamebishana miaka mingi. Wengi huanza na laini kilichotengenezwa imara, kisha risasi zinazofuata huwa ngumu, maana mara nyingi risasi ya pili hupigwa mnyama akiwa amegeuka kukimbia na safari ya kufika moyoni imekuwa ndefu.

Sasa mwananchi aliye nyuma ya ua afikirie jambo hili. Kichwa kigumu cha gramu 33 kikitoka kwenye mtutu kwa kasi ya mita 600 na zaidi kwa sekunde kinaweza kumpita nyati na kuendelea na safari. Kikimtoka kinaelekea wapi? Kwenye nyumba ya udongo, kwenye ng'ombe, au kwa kijana aliyepanda mti na simu yake apate video. Afisa anayechelewa kupiga mara nyingi hasubiri nyati atulie. Anasubiri sisi tuondoke.

Jambo la pili ni kuaminika kwa risasi, na kwa hili historia ya kaunti yetu inafundisha vizuri. Mwaka 1898, wakati wa ujenzi wa daraja la reli mtoni Tsavo, simba wawili walikula wafanyakazi kwa miezi. Msimamizi wa ujenzi, J. H. Patterson, aliandika mwenyewe kilichomkuta asubuhi moja. Alikuwa amebeba bunduki nzito ya mitutu miwili aliyoazima kwa kuamini ina nguvu kuliko yake, bila kuijaribu kwanza. Simba alijitokeza karibu sana, akafyatua, ikalia "tak" tupu. Alishtuka hata akasahau kwamba mtutu wa pili bado una risasi. Alipokumbuka, simba alikuwa anaruka pembeni, akamjeruhi tu. Aliwaua wote wawili Desemba mwaka huo, na leo wako katika jumba la makumbusho la Chicago. Aliilaani wazi saa aliyoitegemea silaha ya kuazima.

Mfano wa pili si wa zamani hivyo. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458 kwa ajili ya wanyama wakubwa wa Afrika. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko bunduki za Kiingereza za mitutu miwili, kwa hiyo idara nyingi za wanyama barani ziliichukua. Ganda lake lakini lilikuwa fupi, na ili kasi iliyotangazwa ipatikane baruti ilishindiliwa kwa nguvu. Baada ya kukaa muda mrefu, baruti hiyo iliweza kugandamana kama sukari iliyopata unyevu, na baadhi ya risasi hazikuungua sawasawa. Kasi ikashuka, na kichwa kikaishia njiani. Baruti za siku hizi zimeondoa kasoro hiyo, lakini fundisho limebaki: maandishi ya boksi ni ahadi, na uwanja wa shabaha ndio unaothibitisha.

Joto nalo lina neno lake. Baruti ikipata joto kali huongeza shinikizo ndani ya bunduki, na ganda linaweza kukwama wakati risasi ya pili inahitajika upesi. Ndiyo sababu risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911 ilipewa ganda kubwa lenye shinikizo la chini. Boksi la risasi halifai kuachwa juu ya dashibodi ya gari juani Maungu.

Anayechagua risasi ya kiwandani, basi, hutazama kwanza kama maandishi ya kitako cha ganda yanalingana kabisa na yale ya mtutu. Kuna .416 ya aina zaidi ya moja, na haziingiliani. Hutazama aina ya kichwa. Kisha huchukua chache kutoka boksi lilelile, azipige kwenye shabaha, aone zinaangukia wapi na kama zinaingia na kutoka bila kukwama. Bunduki ya mitutu miwili ni ngumu zaidi, kwa kuwa mitutu yake hulinganishwa kiwandani kwa uzito na kasi fulani. Ukiipa risasi nyingine, kila mtutu unapiga mahali pake.

Polisi wa akiba tuliyemtaja mwanzoni ni jasiri, lakini bunduki yake ilitengenezwa kwa adui mwenye uzito wa kilo 70. Nyati dume anaweza kupita kilo 700. Tusimsukume ampige.

Kwa hiyo nyati au ndovu akiingia, piga simu KWS au mwarifu chifu mapema, sema yuko wapi na kama ana jeraha, funga mbwa, ingiza watoto ndani. Maafisa wakifika, kaeni nyuma yao, na mbali. Nyuma ya mnyama si mahali pa mtu. (Habari za fidia tutazieleza katika toleo lake.)

Shughuli ikiisha, watoto hupenda kuokota maganda. Ganda tupu mrudishie afisa. Ukikuta risasi nzima, hata yenye kutu, usiiguse, usiitupe motoni wala usiipeleke nyumbani, maana kuwa nayo bila kibali ni kosa. Weka alama mahali hapo na umwite chifu au polisi waichukue.