Kijana wako akibadilika, usingoje kamba

Ndugu mfanyakazi, wewe uko hapa machimboni, jamaa yako iko Bukavu. Siku moja bibi yako anakuita kwa simu: mtoto hasemi na watu tena. Utafanya nini?

Sikiliza yaliyompata mwenzako mmoja. Kijana wake wa miaka 19, kule Kadutu, aliacha masomo, hakulala usiku, akajibu sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Jamaa ikasema amelogwa. Wakampeleka kwenye chumba cha sala, halafu kwa mganga wa kienyeji, mpaka mbuzi na pesa vikaisha. Baada ya miezi minane alifikishwa hospitalini amefungwa kamba. Alipokuja baadaye kwa baba yake hapa kambini, vidonda vya kamba vilikuwa havijapona. Nilivifunga mimi mwenyewe.

Kusali si kubaya, mimi pia nasali. Lakini sala haikatazi dawa.

Kwanza pima homa. Kijana akichanganyikiwa kwa ghafula, siku moja au mbili, na mwili una moto, pengine ni malaria iliyopanda kichwani. Apelekwe hospitalini saa ile ile, kwa sababu malaria hiyo inaua upesi.

Akibadilika polepole, bila homa, usiseme ni ujana utapita. Karibu nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya miaka 18, na bangi huyazidisha. Mpeleke Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1994 na watawa wa Frères de la Charité. Aende na watu wanaomjua vizuri: mganga atauliza ilianza lini, analala namna gani, anavuta nini, nani katika ukoo aliugua hivyo. Mama peke yake hawezi kujibu yote. Baba, omba ruhusa kazini, uende.

Dawa kama Haldol humtuliza mgonjwa upesi, lakini zile sauti hupungua polepole, kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo jamaa hukosea: wanaona ametulia, wanaacha dawa, ugonjwa unarudi. Shingo ikikazana, macho yakipanda juu au mikono ikitetemeka, si sumu wala uchawi. Ni dawa yenyewe. Usiikate, rudi kwa mganga siku hiyo hiyo, anayo nyingine ya kuondoa mateso hayo.

Kijana wa mwenzetu sasa anamsaidia mama yake kuuza unga wa muhogo sokoni. Kila jioni anameza kidonge chake, mama akimwangalia.