Jina la Mmea na Ushahidi Wake

Baada ya darsa, kijana mmoja afanyaye kazi dukani Kariakoo aliniuliza: "Maalim, wataalamu hutangaza mmea mpya, kisha miaka ikipita hubadili jina lake. Tuwaaminije?"

Nilimtaka kwanza akatazame wauzao dawa za miti shamba pale sokoni. Muuzaji mwaminifu hatosheki na rangi ya gome. Hulivunja, hulinusa, huuliza limetoka wapi. Ajua kwamba miti miwili yaweza kuitwa jina moja, na mgonjwa akipewa usio wake, hasara ni ya mgonjwa.

Basi tulitazame ua la Usambara. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka mmea huo kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akauita Saintpaulia ionantha. Yafaa ifahamike kuwa "mpya" hapa ni mpya vitabuni tu. Wasambaa hawakuingojea Hannover ili wauone mmea uliomo katika miamba yao yenye kivuli.

Baadaye B. L. Burtt wa Edinburgh alipambanua aina zipatazo 20, akitegemea sana vinyweleo vya majani. Lakini mingi ya mimea aliyoipima ilikuwa imekuzwa Ulaya. Ilipotazamwa ile ya mwituni, vinyweleo vilionekana kubadilika kidogo kidogo kutoka mahali hata mahali, pasipo mpaka ulio wazi. Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa Kew alizipunguza aina hizo hadi 6. Mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa chembe za urithi, ukoo wote ukaingizwa katika Streptocarpus.

Katika nchi za kaskazini yalitokea kinyume. Huko kwenye vinamasi huota Sphagnum, mmea mdogo unyonyao maji kama sifongo, ambao mabaki yake hurundikana yakawa mboji. Aina moja nyekundu iliitwa Sphagnum magellanicum kwa muda mrefu. Mwaka 2018 wataalamu, kwa darubini na kwa chembe za urithi, walionyesha kuwa ni aina tatu: magellanicum yenyewe ni ya kusini mwa Marekani ya Kusini, za kaskazini ni medium, na divinum iliyopewa jina mwaka huohuo.

Wala si ubishi wa majina matupu. Mmea ulio na mwamba mmoja tu duniani, ukiandikwa kwa jina la mmea ulioenea, msitu utakatwa na hakuna atakayehesabu kilichopotea. Tena Darbyshire hakuzifuta kabisa aina zote za Burtt. Baadhi alizibakiza kama matawi madogo ndani ya ionantha.

Kijana akauliza: "Je, jina la 2015 ndilo la mwisho?" Nikamjibu kuwa ni jina la ushahidi uliopo. Mimea iliyokaushwa huhifadhiwa, hata hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili mwingine aje aipime tena.