Ua la Mwambani: Kabla Hujakata Mti Pongwe

Ulaya na Marekani watu wanaliotesha ua hili madirishani, ndani ya vyungu vidogo, na wengi wao hawajui kuwa asili yake ni Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, mtawala wa Kijerumani wa hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia ionantha. Huko limezalishwa kwa mamilioni. Huku, porini, linapungua.

Utalitambuaje? Ni mmea mdogo uliolala juu ya jiwe. Majani yana manyoya laini, yamejipanga duara. Maua ni ya zambarau au buluu, petali tano, na katikati vifuko viwili vya chavua, manjano kabisa. Litafute kwenye nyufa za mawe ya chokaa, upande wa kivuli, katika ukanda wa Pongwe, Kiomoni na Amboni, hasa karibu na mito Mkulumuzi na Zigi.

Udongo unaolishikilia ni kiasi cha kujaza ufa tu, basi. Ndiyo maana mkata kuni anaweza kuliua bila kuligusa: mti wa juu ukianguka, jua linaupiga mwamba, unyevu unakwisha. Kuni za tanuru za chokaa na mkaa ndizo zinazolimaliza hivyo. Uchimbaji wa mawe ni mbaya zaidi, kwa sababu miti hupandwa tena lakini mwamba ukishapasuliwa haurudi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukiona watu wanafyeka humo, mwone mwenyekiti wa mtaa au ofisa mazingira.

Unalitaka nyumbani? Usiling'oe mwambani. Omba jani moja kwa mwenye chungu, chomeka kikonyo chake kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini. Baada ya wiki kadhaa miche itachipua chini ya kikonyo. Maji yamwagie udongo, siyo majani. Wala usirudishe ua la chungu porini, maana mengi ni machotara na yataharibu mbegu ya asili.

Na wewe mwenye shamba lenye mawe, zunguka kwanza upande wa kivuli uangalie nyufa, ndipo umwite mpasua mawe.